Orodha Moja kwa Maduka Manne

Neema, ambaye sasa ndiye anakalia kiti changu, aliniomba kurasa mbili za kueleza kwa nini kampuni ilichagua sistimu ile ya kunakili data na si nyingine. Anasema wafanyakazi wapya wanaiona ngumu, wanasema sura yake mbaya, na kila baada ya muda anatokea mmoja kupendekeza iondolewe. Nilistaafu mwezi uliopita na nafasi ninayo, kwa hiyo kurasa zimezidi. Atakayechoka aruke aende mwisho, ingawa nawajua nyie, mtarudi tu katikati kutafuta mlichokiruka.

Niliingia kazini kama karani wa stoo hapa Mpanda mjini, enzi ambazo kampuni ilikuwa duka moja na stoo moja nyuma yake. Tuliuza mbegu, mbolea na dawa za mifugo kama sasa, ila kila tulichokijua kilikaa kwenye leja mbili zenye majalada magumu. Siku ya kwanza nilikuja na viatu vya kisigino. Mtunza stoo wetu, Mzee Leonsi, Mfipa mrefu asiyecheka ovyo, aliniangalia miguuni akasema, "Binti, leo tunahesabu mbolea. Hivyo viatu vitahesabu wapi?" Nilihesabu mbolea peku mpaka saa nane mchana.

Yeye ndiye aliyenifundisha kuandika namba ya bechi, yaani ile namba ndogo inayopigwa pembeni ya mfuko kuonyesha mzigo ulitengenezwa pamoja na upi. Mimi niliona ni kazi ya bure. Mfuko umeandikwa jina la mbegu kwa herufi kubwa, ya nini kuhangaika na namba inayohitaji miwani? Mzee Leonsi alinijibu bila kuinua kichwa. "Jina la mbegu ni jina la ukoo, Oliva. Namba ndiyo inakuambia ni mtoto yupi. Siku mtoto mmoja akiharibika, utakwenda kuuchapa ukoo mzima?" Tangu siku hiyo nikaandika namba. Niliandika hata pale wateja walipokuwa wamepanga foleni wananisonya.

Kampuni ikakua. Tukafungua duka Magamba, kisha Mwamkulu, kisha Kibaoni kule Mpimbwe, mbali kuliko yote, njia ya kupita hifadhini. Leja zikawa kompyuta. Mzee Leonsi akastaafu akarudi kulima, nami nikawa mtu wa data, cheo ambacho mama yangu hakuweza kumweleza jirani yeyote hadi anafariki. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: kila duka lilikuwa na faili lake la mauzo, nani kanunua nini, bechi ipi, lini. Kila Ijumaa karani wa duka alinakili faili kwenye flashi, akaifunga kwenye bahasha, akampa kondakta wa basi. Jumatatu mimi niliziunganisha zote nne kuwa orodha moja. Flashi ya Magamba ilifika imejaa miziki. Ya Kibaoni ilichelewa kwa sababu zake yenyewe. Kuna wiki ilichelewa kwa sababu tembo walikuwa wamesimama barabarani na dereva hakuwa na haraka kuliko wao.

Tulijiona tuko sawa. Nami nilijiona hodari, naomba mniamini. Niliweza kutambua faili lipi ni la duka lipi kwa makosa yake ya tahajia.

Kisha ukaja msimu wa mahindi mabovu.

Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha na watu wamepanda. Asubuhi moja aliingia ofisini mama mmoja wa Mwamkulu anaitwa Veronika, mkulima wa siku nyingi, mteja wetu tangu enzi za leja. Hakusalimia. Alifungua kitenge juu ya meza yangu, ndani mna udongo na punje za mahindi.

"Nimezifukua," alisema. "Siku kumi na mbili ardhini. Tazama mwenyewe."

Nilizitazama. Zilikuwa laini kama maharage yaliyolowekwa, na hazikuwa na hata dalili ya mzizi. Tulipeleka mfuko uliobaki kujaribiwa na majibu yakaonyesha kwamba bechi ile ilipata joto kali ikafa. Haikufia kiwandani. Ilifia kwetu, kwenye stoo yetu, chini ya bati, ambako mtu aliipanga hadi ikagusa paa.

Meneja wetu, Bwana Festo, aliniita. "Oliva, nipe orodha ya wote waliochukua bechi hiyo. Wapewe mbegu nyingine leo, mvua bado ipo."

Nilimpa orodha ndani ya saa moja. Ilionyesha kuwa bechi yote iliuzwa Mwamkulu. Niliisaini chini, nikaandika na tarehe. Gari likaenda Mwamkulu, watu wakapewa mbegu mpya, wakapanda upya, na tukarudi tukijipongeza.

Wiki mbili baadaye Masanja, karani wetu wa Kibaoni, akapiga simu. Masanja ni Msukuma, mtu wa maneno machache, na siku hiyo yalikuwa machache zaidi.

"Mama Oliva, mahindi huku hayajaota."

"Bechi gani?"

Akanisomea namba. Ndiyo ile ile. Karibu nusu ya mzigo ulikuwa umepelekwa Kibaoni. Faili lake lilikuwa na mauzo hayo yote, namba kwa namba, sawasawa kabisa. Ila Jumatatu ile nilipounganisha, nilikuwa nimefungua flashi ya wiki ya nyuma, nikalinakili faili lake juu ya lile jipya. Yalikuwa majina mawili ya faili yanayofanana, na kidole changu kimoja. Kompyuta iliniuliza kama nina uhakika. Nikabonyeza ndiyo.

Tuliwapelekea mbegu, lakini mvua haimsubiri mtu. Waliopanda kwa kuchelewa walivuna magunzi. Nilikwenda Kibaoni mwenyewe kuomba radhi, nikasimama sokoni mbele yao nikasema kosa ni langu. Hawakunitukana, na ingekuwa afadhali wangenitukana. Mzee mmoja aliniuliza tu, kwa upole kabisa, "Kwa hiyo Masanja aliandika, na wewe ukafuta?" Nikajibu ndiyo. Akatikisa kichwa akaondoka zake.

Niliporudi nilimwambia Bwana Festo kuwa njia ya flashi imekwisha. Hatuhitaji karani makini zaidi, nilimwambia, kwa sababu karani makini ndiye mimi na mmeona. Tunahitaji kitu kinachochukua mauzo ya kila duka kwenda makao makuu chenyewe, na kuyarudisha kwa maduka mengine, ili mahali pote pawe na orodha moja. Alikubali haraka kuliko nilivyotegemea. "Tafuta," alisema. "Lakini usitafute mwaka mzima."

Walikuja wauzaji watatu. Wa kwanza alikuwa kijana wa hapa hapa mjini aliyetengeneza programu ya kunakili mafaili yote kila siku jioni baada ya maduka kufungwa. Ilikuwa rahisi na ilieleweka. Wa pili alitoka Dar, anaitwa Kelvin, kashona suti ya kumkaa vizuri. Alikodi ukumbi, akaleta projekta, akatuonyesha ramani ya Katavi yenye mistari ya kijani inayokimbia kutoka duka hadi duka. Ukiuza mfuko Kibaoni, kabla hujampa mteja risiti, Mpanda wameshaona. Bwana Festo alisogeza kiti mbele. Wa tatu alikuwa binti wa Mbeya, Tusa, aliyekuja na basi akiwa na kompyuta kwenye begi la shule. Kioo cha sistimu yake kilikuwa cha kijivu, maandishi madogo, hakuna hata ramani.

Nilimuuliza Kelvin swali moja pale ukumbini. "Mtandao ukikatika?"

"Mama, siku hizi mtandao haukatiki."

Ukumbi mzima ukacheka, akadhani amechekesha.

Wote watatu waliniambia mambo mazuri. Hapa ndipo nataka nyie vijana msikilize, kwa sababu bado mtanunua vitu. Msinunue kitu kwa kukiona kinafanya kazi mahali kinapopapenda. Kila sistimu inafanya kazi ukumbini, penye umeme na maji ya chupa. Nilimwomba Bwana Festo wiki moja: kompyuta tatu, zana tatu, ziwekwe kwenye chumba cha nyuma cha duka la Kibaoni. Masanja aingize mauzo yale yale kwenye zote. Na Masanja apewe ruhusa ya kuchomoa waya wowote, wakati wowote, bila kumwambia mtu.

"Kwa nini Kibaoni?" aliuliza. "Magamba ni karibu, unaenda na kurudi."

"Ndiyo maana si Magamba."

Nilipomweleza Masanja kazi yake hakuamini. "Nichomoe tu?"

"Chomoa."

"Hata katikati ya mauzo?"

"Hasa katikati ya mauzo."

Nadhani ile ndiyo wiki aliyoipenda kazi kuliko zote. Aliingia kazini mapema. Alichomoa umeme, alichomoa modemu, siku moja alizima vyote viwili akaenda kunywa chai. Mvua nayo ikasaidia kwa upande wake, ikaangusha mtandao wa mji mzima kuanzia asubuhi hadi alasiri.

Mimi nilikaa Mpanda na daftari, nikilinganisha kilichofika na kile Masanja alichokiandika kwa kalamu kwenye kitabu cha risiti. Programu ya kijana wetu ilifikisha mafaili yote, lakini ilikuwa na desturi ya kuamini aliyefika mwisho. Masanja na karani wa Magamba, tuliyempa naye zana zile ajaribu, walipobadilisha taarifa za mteja mmoja siku moja, ya Masanja ilifutwa kimya kimya. Lile lilikuwa kosa langu mimi, ila sasa lingefanywa na mashine, kila siku, bila kuchoka. Ya Kelvin ilikuwa na kasi kweli, siwezi kuikatalia. Lakini umeme ulipokatika katikati ya mauzo, iliporudi haikukumbuka ilikuwa imeshatuma nini, ikatuma tena. Na tena. Mzee mmoja alinunua mfuko mmoja wa mbegu, na Mpanda nikaona amenunua mitatu. Ya Tusa ilikuwa polepole. Kila mauzo iliyapa namba, ikayapanga foleni hapo hapo Kibaoni, na mtandao uliporudi iliyatuma moja moja kwa mpangilio, haitumi la pili hadi Mpanda ijibu kwamba la kwanza limefika. Na pale watu wawili walipogusa taarifa moja, ilisimama ikauliza: ipi ni sahihi?

Nilirudi kwa Bwana Festo na daftari langu. Alilipitia, akaliweka kando.

"Hii ya Mbeya inauliza uliza sana," alisema. "Kelvin anasema yake inaamua yenyewe. Tena ni kampuni kubwa, Oliva. Nimeshamwambia kwamba tunaelekea kwake."

"Bora iulize, bosi."

"Watu wa bodi watataka kitu cha kisasa."

Nilikuwa nimesimama, nikakaa. Sikuwa na hasira. Nilikuwa nimeshasimama sokoni Kibaoni, hakuna ofisi iliyobaki ya kunitisha. "Sawa," nilisema. "Tuchukue ya Kelvin. Ila mbegu zikiharibika tena, orodha ile utaisaini wewe, na sokoni utaenda wewe."

Bwana Festo ana sifa moja ambayo mameneja wengi hawana: akichomwa na neno, halirudishi. Alichukua funguo za gari. "Kesho nakwenda kuona mwenyewe."

Alikwenda. Masanja alimpa stuli akae mbele ya zile kompyuta tatu, akamwachia waya mkononi. Aliniambia baadaye kuwa meneja alichomoa umeme mara nne, mara ya tano akachomoa akiwa amefumba macho. Jioni alinipigia simu kutoka Kibaoni. "Mwambie yule binti aandae mkataba," alisema, akakata.

Ningependa kusema mambo yakawa mazuri kuanzia hapo. Yakawa mazuri, lakini si kuanzia hapo. Zana ya kunakili inabeba ulichonacho, na sisi tulikuwa na fujo. Mteja mmoja Kibaoni aliandikwa Jilala Mwandu, Mwamkulu akaandikwa Gilala Ng'wandu, na Magamba aliandikwa Baba Kulwa, basi. Tusa alifikiri tutawatambua kwa namba za simu. Nilimwambia asubiri aone. Tulikuta namba moja ya simu ina wateja watano, kwa sababu kitongoji kile simu yenye chaji ilikuwa moja. Hakuna mashine ingetatua hilo. Tulikaa sokoni siku za mnada, makarani na mimi, tukawauliza watu mmoja mmoja: unaitwa nani, unaitwaje nyumbani, kijiji gani, na tukikutafuta kwa haraka tumpigie nani? Ilichukua msimu mzima. Makarani walinung'unika kwamba wamekuwa watu wa sensa. Masanja kwanza alidhani sistimu imewekwa ili nimchungulie kila anachofanya. Nilimwambia kuchungulia ninaweza, ila yeye naye sasa anaona ninachofanya mimi. Hilo lilimtuliza, na aliutumia uhuru huo ipasavyo.

Aliutumia hasa siku niliyofuta wateja wake. Nilikuwa nasafisha majina yaliyojirudia, nikachagua kundi nililodhani ni nakala tu, nikafuta. Sistimu ikauliza. Ndiyo, kwa mara ya pili maishani nikajibu ndiyo. Sikuwa nimemaliza kikombe cha chai simu ikaita.

"Mama, watu wangu wamekwenda wapi?"

Walikuwa wamefutika Mpanda, Magamba, Mwamkulu na Kibaoni, kwa utaratibu mzuri, mmoja baada ya mwingine, kama ilivyoahidiwa kwenye mkataba. Zana nzuri inanakili na ujinga wako vilevile, tena haraka. Kilichotuokoa ni kwamba Tusa alikataa kuondoka Mpanda kabla hatujaweka nakala nyingine, iliyokaa kando, isiyoguswa na sistimu, ya kila siku kwa tarehe yake. Mimi nilikuwa nimemwona anatupotezea muda. Tulirudisha ya jana, na mauzo ya asubuhi hiyo Masanja akayaingiza upya kutoka kwenye kitabu cha risiti, taratibu, akinisomea kila jina kwenye simu kwa sauti ya mtu anayesamehe. Kwa hiyo anayewaambia kwamba nakala ya kando haina kazi kwa kuwa data ipo mahali panne, mleteni kwangu.

Nimeandika yote haya ili nifike kwenye siku moja.

Ilikuwa Jumamosi, kiangazi. Simu ilikuja saa mbili na nusu asubuhi kutoka kwa watu waliotuuzia dawa ya kuogeshea ng'ombe, ile ya kuua kupe. Bechi moja ilikuwa imebandikwa lebo yenye kipimo kibaya. Anayechanganya kama lebo inavyosema angepata dawa kali mara nyingi kuliko inavyotakiwa, na ng'ombe atakayepuliziwa hiyo hakuna uhakika wa kusimama. Mtu anayepulizia naye yuko hatarini. Na wafugaji wetu wengi huogesha Jumamosi, wakati watoto hawaendi shule na mikono ipo.

Neema alikuwa zamu na mimi. Aliandika namba ya bechi, akabonyeza. Majina kumi na tisa yakatokea, maduka yote manne, kila jina na kijiji na mtu wa kumpigia. Nilimwambia asome tena. Akasoma tena, ni kumi na tisa. Safari hii orodha niliiamini. Tuligawana simu. Kufikia saa nne tulikuwa tumewapata kumi na wanane. Wengine walikuwa hawajafungua kopo. Mmoja wa Magamba alikuwa ameshapulizia ndama wawili. Tulimwambia aanze na nafsi yake, avue nguo zile aoge kwa sabuni, kisha aoshe ndama kwa maji mengi. Ndama mmoja alikufa. Mwenyewe alipona.

Aliyebaki ni Mzee Jilala, yule wa majina matatu. Siku ile sokoni alitupa namba ya binti yake anayeishi hapa mjini. Binti alipokea mara moja, lakini baba hana simu, alisema, na yuko bomani ng'ambo ya mto, mbali na Kibaoni.

Nikampigia Masanja. "Unapajua kwa Mzee Jilala?"

"Napajua."

"Nenda. Usifunge duka, liache hivyo hivyo."

Aliniambia baadaye jinsi ilivyokuwa. Alikuta mzee yuko mlangoni mwa zizi, amechanganya dawa kwenye ndoo, ng'ombe wamefungiwa ndani, wanawe wanasubiri. Masanja alishuka kwenye pikipiki akiita kwa Kisukuma, akasahau kwamba kwa mzee huanzi na kelele. Mzee akanyoosha mkono kumsimamisha.

"Mwangaluka," mzee alimsalimu.

Ikabidi Masanja asimame aitikie, aulizwe habari za nyumbani, ajibu, huku anaitazama ile ndoo. Ndipo akaeleza. Mzee alisikiliza hadi mwisho. Akaimwaga dawa shimoni na kulifukia, akaosha mikono.

"Mmejuaje kwamba ninayo mimi?"

"Umeandikwa, baba. Kopo, namba yake, na jina lako."

"Jina lipi?"

"Yote matatu."

Mzee alicheka. Kisha kicheko kikamkatika. "Na Nkwabi mmemwandika?"

"Nkwabi ni nani?"

"Mdogo wangu. Kopo lilikuwa kubwa, jana nilimgawia nusu kwenye chupa. Yuko kule juu, naye anaogesha leo."

Nkwabi hakuwa kwenye orodha. Hakuwahi kununua chochote kwetu. Hakuna sistimu duniani, ya Dar wala ya Mbeya, iliyokuwa na habari zake. Alikuwa kwenye kichwa cha kaka yake tu. Masanja alitaka aelekezwe njia. Mzee akasema hakuna njia ya kuelekeza, akapanda nyuma ya pikipiki, mtu wa miaka zaidi ya sabini, akamshika Masanja kiunoni.

Mimi na Neema tulikaa na simu juu ya meza. Hatukuwa na la kufanya. Kazi yetu yote, kompyuta zote zile, zilikuwa zimefika mwisho wa uwezo wao, na kilichobaki kilikuwa pikipiki moja inayopanda mlima. Neema aliuliza kama anichemshie chai. Nilimwambia asinichemshie.

Simu iliita saa tano na ushee.

"Mama, tumefika," alisema Masanja, anahema. "Alikuwa amelivaa bomba la dawa mgongoni tayari. Koki hajaifungua."

Nilimpa Neema simu.

Jumatatu nilimwita Tusa, nikamwomba aongeze mstari mmoja kwenye fomu ya mauzo, chini kabisa, baada ya jina na kijiji na namba ya bechi. Alisema zana za namna hii hazina mstari kama huo. Nikamwambia yetu itakuwa nao. Unauliza: nani mwingine atatumia? Wateja wanaokuja kununua wanaulizwa, na wengi hujibu hakuna, halafu hufikiri kidogo, wakataja mtu.

Nasikia wapo wanaoona mstari huo unachelewesha foleni. Ni kweli unachelewesha. Ulizeni, msubiri jibu, muandike.